Naenda Uingereza mwezi wa nane, njia gani za kutembea kwa miguu zinatufaa? Mke ana goti

nahodha_wa_mkanda

Salaam alaykum jamaa. Mimi mtu wa Lamu, kazi yangu mashua, nachukua wageni Manda, Matondoni, hata Pate wakitaka. Sasa binti yetu ameolewa Manchester na amejifungua mwezi uliopita alhamdulillahi, na visa zimetoka (usiniulize zilivyotoka, ile nenda rudi ya Nairobi peke yake ni haiking tosha). Tunaenda mwisho wa mwezi wa nane, wiki tatu.

Miaka yote hii wageni wangu Waingereza wananihadithia kwao wanatembea. Kutembea tu. Mtu mzima na akili zake anaamka asubuhi anavaa buti anapanda kilima, akifika juu anakula mkate, anashuka anarudi kwake. Mmoja aliniachia ramani ya njia ya kilomita mia nne na kitu nikajua ananitania.

Nataka nikaone na mimi. Lakini hali yetu ni hii: mimi nina 52, miguu mizima, Lamu mpaka Shela nikikosa boti naenda kwa miguu na kurudi. Mke wangu ana goti la kushoto, penye tambarare hana neno ila ngazi zinamuua. Kijana ana miaka 14, yeye anataka mlima mrefu kuliko yote, ukimtajia kingine hasikii. Kuna njia ya kutufaa sote ama kila mtu na yake? Na nguo je, maana mimi hapa ni kikoi na ndara. Na huko porini mnasali vipi.

malindi_kwetu

Nahodha usitishike na hao. Nimegugo sasa hivi, mrefu wao kuliko yote ni Ben Nevis, uko Scotland, mita 1,345. Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya hapo bwana 😂 yaani ukishuka basi pale River Road ushaupita mlima wa Uingereza na hujafunga hata kamba ya kiatu. Kijana akitaka mlima mwambie Kirinyaga 5,199 upo hapa hapa. Mama mpeleke madukani.

nesi_wa_baridi

malindi_kwetu, umeupanda au umegugo tu? Nairobi unafika umekaa kitini umelala. Ben Nevis unaanzia chini karibu na usawa wa bahari, mita zote hizo unalipa kwa miguu yako, siku nyingi za mwaka kilele kimo ndani ya wingu, mwezi wa tano theluji bado iko, na upande mmoja ni jabali limekatika wima. Watu wanapotea wakiwa wameshafika juu wanatafuta pa kushukia.

Nahodha karibu sana. Mimi mtu wa Shela, ile ya Malindi si yenu, niko huku nje kidogo ya Manchester mwaka wa 11 sasa, kazi unesi, na siku zangu za ofu natembea. Nikwambie kwanza kosa langu usije ukalirudia.

Mwaka wa kwanza wenzangu wa wadi wakasema twende Kinder Scout. Nikaangalia, mita 636, nikacheka kama huyo hapo juu. Nikavaa raba za kitambaa na koti ambalo muuzaji aliapa haliingizi maji. Chini jua linawaka watu na fulana. Juu kule si mlima wa ncha kama unavyochorwa, ni uwanda mpana wa udongo mweusi uliolowa, mlaini kama lami ya moto, na ukungu ukashuka ghafla simuoni hata wa mbele yangu. Mguu wa kulia ukazama. Nikauvuta ukatoka, kiatu kikabaki. Basi nimelala kifudifudi kwenye tope nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko natafuta kiatu changu, na lile koti lisiloingiza maji limeshaingiza yote. Akatokea mzee mmoja ana dira shingoni, akatupanga mstari akatutoa, halafu akanimiminia chai ya chupa isiyo na sukari hata punje, mimi mtoto wa Malindi, nikainywa kama asali. Nilitetemeka mpaka ndani ya treni.

Kwa hiyo huku mita za mlima ziulize mwisho. Kwanza uliza upepo, mvua, na giza linaingia saa ngapi, wewe nahodha mambo hayo si mageni kwako.

Hiyo ramani uliyoachiwa lazima ni ya Pennine Way, kilomita 431, toka kijiji cha Edale mpaka Kirk Yetholm ukivuka tu mpaka wa Scotland. Ilifunguliwa 1965 na si utani, watu wanaimaliza, wengi kama wiki mbili tatu. Inaanzia rasmi kwenye pub ya kijiji lakini hakuna atakayekulazimisha kuingia. Manchester Piccadilly mpaka Edale treni haimalizi saa moja, kwa hiyo wewe na kijana mnaweza kuichukua siku moja tu ya mwanzo, mpande ngazi za mawe wanaziita Jacob's Ladder mfike Kinder, mtembee ukingoni mpaka kwenye maporomoko ya maji, Kinder Downfall. Upepo wa magharibi ukivuma sawasawa maji yale hayaanguki, yanarushwa yanarudi juu kama moshi, nimeyaona kwa macho yangu. Na ujue mlima huo zamani ulikuwa wa mabwana wa kuwinda ndege, mtu wa kawaida akionekana anafukuzwa, mpaka tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa Manchester wakaingia mamia kwa pamoja na baadhi yao wakafungwa jela kwa hilo. Leo unapita shamba la mtu hupigi hata hodi, mradi uko kwenye njia ambayo sheria inampa kila mtu haki ya kupita. Fuata mshale wa njano, hiyo ni ya miguu. Wa buluu ni ya miguu na farasi na baiskeli. Ukiona alama ya tunda la mwaloni ni zile njia kubwa za taifa. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali, huyo ndiye simba wa huku.

Mama sasa. Goti haliogopi kilomita, linaogopa ngazi, na zaidi kushuka. Na huku kuna vingazi vya kuruka ua na kuta za mawe, hivyo ndivyo vitamtesa kuliko mlima. Mpeleke Monsal Trail pale karibu na Bakewell. Ilikuwa reli, ikafungwa 1968, wakang'oa vyuma wakaacha njia, kama kilomita 13.7 tambarare kabisa, hata kiti cha magurudumu kinapita. Kuna mahandaki manne makubwa kila moja kama mita 400, mchana yana taa, ukiingia baridi inakupiga usoni kama umefungua friji, ukitoka uko juu ya daraja, bonde lote liko chini yako na mto. Atembee anapotaka ageuze. Mjukuu pia anakwenda na kigari chake.

Ya pili Orrest Head. Unashuka treni Windermere, unavuka barabara, njia iko mbele yako, mita 238 tu na wametengeneza njia isiyo na vile vingazi, apande polepole na bakora. Ukifika juu ziwa lote liko wazi na milima nyuma yake. Kuna jamaa anaitwa Wainwright, karani, alipanda hapo 1930 ana miaka 23, akaona, na maisha yake yote yakaishia kuichora milima ile mmoja mmoja kwa kalamu ya wino.

Mkitaka siku moja ya wote pamoja nendeni Wales, Yr Wyddfa, Snowdon kwa Kiingereza. Mita 1,085. Wewe na kijana mfuate njia ya Llanberis, ndefu lakini haina vitisho, kama kilomita 14 na nusu kwenda na kurudi, na mama anapanda treni. Naam, treni ya mpaka kileleni, ipo tangu 1896. Mkutane juu. Tiketi ukate mapema maana mwezi wa nane zinaisha, na upepo ukizidi treni inaishia njiani haifiki juu, usije ukasema sikukwambia.

Nguo: jinzi hapana, ikilowa haikauki. Fulana ya kukausha jasho, sweta, koti la mvua la kweli. Buti uzivae nyumbani wiki nzima kabla hujazipandisha mlima. Jua mwisho wa mwezi wa nane linazama karibu saa mbili usiku kwa hiyo mchana ni mrefu, adhuhuri na alasiri utaswali juu ya majani, dira unayo, maji ya udhu yapo kila bonde ila yanauma. Mwezi wa 12 ndio kichekesho, saa kumi jioni ushaingia magharibi.

usubi_ulinila

Dada nesi kasema mengi ila Scotland kaipita juu juu. Mimi nilisoma Glasgow, nikatembea West Highland Way toka Milngavie (inatamkwa mulgai, usiniulize) mpaka Fort William, kilomita 154, siku nane. Nahodha kwa wiki tatu na mtoto mchanga nyumbani sikushauri uimalize, lakini kijana akikua umpeleke, na mizigo kuna watu wanakubebea kwa gari kutoka kituo hadi kituo.

Watu wanadhani pagumu ni pale Devil's Staircase karibu na Glencoe, mita 548, kumbe jina tu, unapanda nusu saa umemaliza. Pagumu ni ziwani, Loch Lomond ukishapita Rowardennan, kilomita moja inakula saa nzima kwa mizizi na mawe, unashika kwa mikono. Na usubi! Mdogo hata humuoni, upepo ukitulia jioni wanakuja kama moshi, wanaingia puani, mimi nilikula wali na wadudu nimejifunika shuka kichwani. Wanaanza kama mwezi wa tano mpaka wa tisa.

Scotland sheria yao ya 2003 inakuruhusu kupita karibu kila mahali ukiwa na adabu na hata kulala hema, ila mashariki ya Loch Lomond toka Machi mpaka mwisho wa Septemba lazima kibali.

Mwisho wa njia pale Fort William kuna sanamu ya shaba ya mtu amekaa kwenye benchi anajikanda mguu. Nikakaa ubavuni mwake na malengelenge saba, hatukusemezana.

Hesabu ya muda: kuna Mskochi Naismith, 1892, alisema saa moja kwa kila kilomita 5 na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mwendo uupime kwa anayechoka haraka, si kwa huyo wa miaka 14. Mkikwama piga 999, omba polisi halafu kikosi cha uokoaji mlimani, wanajitolea na hawatozi hata senti.

pwani_ya_ulaya

Mnampa nahodha milima tu kwani yeye ni mbuzi? Yakhe nenda Holy Island, Lindisfarne, kaskazini mashariki. Ni kisiwa mara mbili kwa siku, maji yakipwa unavuka kwa miguu mchangani. Njia ya mahujaji wa zamani imewekewa nguzo ndefu, kama kilomita 5, watu wanavua viatu. Tambarare tupu, goti litashukuru.

nahodha_wa_mkanda

Subiri subiri. Maji yakipwa? Yanarudi kwa kasi gani?

pwani_ya_ulaya

Halmashauri wanatoa saa za usalama kila siku unazikuta kwenye simu na ubao pale pale. Zile saa ni za magari ya barabara ya lami, anayevuka mchangani aanze maji bado yanapwa na awe ng'ambo kabla ya nusu ya muda. Kuna vibanda juu ya miguu mirefu katikati kwa waliochelewa. Kila mwaka kuna wenye magari wanaojifanya wajuzi maji yanawakuta.

Iliyo karibu na Manchester ni Morecambe Bay, ghuba ya mchanga unayovuka kutoka Arnside maji yakipwa, hiyo usiguse bila mwongozaji. Kuna mtu rasmi kabisa, cheo cha karne nyingi, mfalme ndiye anayempa, anajua mchanga unaomeza uko wapi maana unahama. Bamvua huko tofauti ya maji inafika mita 10. Mwaka 2004 wachuma kome wa Kichina zaidi ya 20 walizama usiku mmoja.

nahodha_wa_mkanda

Mita 10 laa ilaha illa llah, kwetu bamvua ni kama tatu tu na bado tunawatoa watu Manda wamekwama. Tena maji hayaji mbele yako, yanajaza kwanza mkondo ulioko nyuma, wewe umesimama mkavu unapiga picha kumbe ushazungukwa. Hiyo Morecambe na huyo mtu wa mfalme nitamtafuta, nataka nimuulize anausomaje mchanga.

Dada nesi Allah akuzidishie, Wales tumeiandika, Edale mimi na kijana, ile reli mama na mjukuu. Nimemsomea mama yote haya. Anasema kama ni kukaa kusubiri maji yapwe si angebaki Lamu. Ila baadaye amerudi ananiuliza eti buti za kike huko zinauzwaje.

nesi_wa_baridi

Asinunue. Saizi yake ikiwa 39 nina jozi mbili. Moja ni ile iliyotoka kwenye tope, nimeiosha 😅

malindi_kwetu

Na mimi nina 43 kama kuna mtu anagawa

nesi_wa_baridi

Wewe si unapanda kwa basi?