Chai ya rangi na andazi moja: je, mtoto amekula au amedanganya tumbo?

Mama Wawili, Newala

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Nina mtoto wa darasa la sita anayetembea takriban dakika 40 kufika shuleni. Huku juu Newala asubuhi za Juni zina ukungu na baridi, na yeye huondoka nyumbani saa 12 na nusu akiwa amekunywa kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nyingi na kula andazi moja, au mawili ikiwa jirani anayekaanga amewahi kuamka. Mwalimu wake ameniita mara mbili kunieleza kwamba ikifika saa 4 mtoto analaza kichwa juu ya dawati, na akiulizwa swali hulijibu kana kwamba ameamshwa usingizini.

Nyumbani jambo hili limekuwa mjadala. Baba yake anasema tumnunulie mkate, siagi na maziwa kama watoto wa mjini. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, anasema wao walikua kwa ming'oko, vile viazi vya porini, na kiporo cha ugali na hakuna aliyesinzia shuleni. Mimi ndiye ninayeshika mfuko, na fedha ya korosho huingia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo msimu huu mkate na maziwa ya kila siku siviwezi. Naomba kufahamishwa kama ni kweli kwamba chakula cha asubuhi kinazidi milo mingine yote kwa umuhimu, na kama ni kweli, nimpe nini kati ya vitu vinavyopatikana huku kwetu?

Muuguzi Mstaafu, Nachingwea

Marahaba, mwanangu. Kabla ya chakula, naomba umpeleke mtoto kituo cha afya apimwe malaria, wingi wa damu na minyoo, kwa sababu usingizi wa saa 4 unaweza kuletwa na upungufu wa damu, na hapo hata ukimpikia pilau alfajiri ataendelea kusinzia. Muulize pia analala saa ngapi.

Nikirudi kwenye swali lako, mtoto aliyekula usiku saa 2 na kuamka saa 12 amekaa saa 10 bila kula. Katika muda huo mwili hutumia akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, na ubongo, ambao kwa mtu mzima hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliopumzika, na kwa mtoto zaidi ya hapo, hauna ghala lake wenyewe la maana. Chai yenye sukari nyingi na andazi la unga mweupe humeng'enywa upesi. Mtoto hupata nguvu za kumfikisha shuleni, na baada ya hapo tumbo linabaki tupu wakati somo la hesabu ndiyo kwanza linaanza.

Bibi yake hajakosea kuhusu ming'oko, ila nadhani katika kumbukumbu zake amesahau kitoweo. Mihogo, ming'oko na viazi vitamu ni wanga mzuri unaoshibisha, lakini gramu 100 za muhogo hazina protini zaidi ya gramu moja na kitu hivi, kwa hiyo lazima uambatane na kitu kingine. Njugumawe, kunde, choroko, mbaazi, karanga, dagaa na yai vyote vinafaa. Yai moja lina protini kama gramu 6, na ukufi mmoja wa korosho, yaani gramu 30 hivi, una karibu gramu 5. Sisi tunaokaa katikati ya mikorosho tunauza zote halafu tunanunua mkate! Korosho zilizovunjika wakati wa kubangua huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima, na tumboni hazina tofauti yoyote.

Mambo mawili ya tahadhari. Mihogo michungu isipikwe kama ile mitamu. Hiyo michungu inahitaji kumenywa, kulowekwa na kukaushwa vizuri kwa sababu ya sumu iliyomo, na wanaoila ikiwa haijaandaliwa vyema huku hawapati protini ya kutosha ndio wanaopatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Karanga nazo zikiwa na ukungu au zimebadilika rangi zitupwe, maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa.

Chai pia uisogeze mbele. Majani ya chai huzuia madini ya chuma ya kwenye mikunde na nafaka yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo ni afadhali anywe chai arudipo, na asubuhi apate tunda: papai, chungwa, au bibo, yaani tunda la mkorosho, wakati wa msimu, kwani bibo lina vitamini C nyingi kuliko hata chungwa.

Mzee wa Mikindani

Nakubaliana na muuguzi kwa kiasi kikubwa, lakini naomba tusilifanye jambo hili kuwa amri kwa kila kiumbe. Mimi nimefanya kazi ya bahari tangu ujana. Mvuvi anayetoka usiku na kurudi jua likiwa juu hali chochote saa 12 asubuhi. Hula saa 4 anapofika pwani, tena hula vizuri, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Wanaofunga Ramadhani nao hula daku na wakafanya kazi mchana kutwa.

Huu usemi kwamba mlo wa asubuhi ndio mkuu kuliko yote, tujue pia ulikopitia. Ulivumishwa sana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye mji wa Battle Creek, Michigan, ambako Dakta John Harvey Kellogg alikuwa akihubiri habari za afya na ndugu yake, Will Keith, akaanzisha mwaka 1906 kampuni ya kuuza nafaka za kula asubuhi. Sisemi kwamba ni uongo kwa kuwa mwuzaji ndiye aliyeusema. Nasema mtu mzima asiyesikia njaa asubuhi asijilazimishe, na yale madai kwamba asiyekula asubuhi lazima atanenepa hayajasimama imara yalipopimwa.

Kwa mtoto wa shule anayetembea dakika 40 kwenye baridi, hapo sina ubishi. Huyo ale.

Muuguzi Mstaafu, Nachingwea

Mzee wangu, nimekuelewa. Niongeze kwamba mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari au sindano ya insulini asiufuate mfano wa mvuvi, kwa sababu dawa ikikuta tumbo tupu sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Huyo apange milo yake na mhudumu wake wa afya.

Mama Lishe, Mtwara Mjini

Dada, mimi nauza uji na mihogo asubuhi, wateja wangu wa kwanza ni bodaboda na wapakuzi wa mizigo, kwa hiyo nitakueleza ya jikoni tu.

Tatizo la asubuhi ni muda. Usianze kupika alfajiri. Fanya kazi jioni. Njugumawe kavu ziloweke tangu asubuhi, uzichemshe jioni moto wa chakula cha usiku ukiwa bado upo, kwa chumvi tu. Usizitie nazi, kwa sababu kwa joto la huku kwetu pwani chakula cha nazi kikilala huchacha, na hata huko kwenu kwenye baridi nisingekiamini. Alfajiri unazichemsha tena hadi zitokote, pembeni unaweka muhogo uliomenya jana na kuuacha ndani ya maji. Kufikia maji ya kuoga yanapopata moto, chakula kipo tayari.

Kwa uji, changanya unga wa mtama na korosho au karanga zilizotwangwa, ila korosho zitie mwishoni, kwani ukizitia mapema uji hushika chini ya sufuria. Wengi hupika uji mwepesi kama maji ya kunawa ili mtoto aumeze haraka, na akishapita haja ndogo mara moja ameumaliza. Dawa yake ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa kibichi hadi uchipue, uanike ukauke kabisa, kisha usage. Pika uji mzito unaosimamisha mwiko, uuepue, uuache upoe kidogo, halafu tia kijiko cha huo unga na ukoroge. Utauona unalegea mbele ya macho yako bila kuongeza tone la maji. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke kidogo. Usikitie kimea uji ukiwa unatokota, hakitafanya kazi.

Mama Wawili, Newala

Nawashukuru nyote, nami narudi baada ya wiki tatu kutoa taarifa. Kituoni walimkuta na minyoo na damu iliyopungua kidogo, akapewa dawa. Chai nimeihamishia jioni, na hapo ndipo palipokuwa na vita kubwa kuliko nilivyotarajia, si kwa mtoto bali kwa bibi yake, aliyeniuliza kama nimeona aibu ya kununua majani.

Nilianza na dagaa na muhogo. Siku ya tatu akaniomba niviache kwa sababu wenzake walilalamika kwamba mikono yake inanuka, basi nikahamia kwenye njugumawe. Anakula bakuli moja nyumbani na nyingine namfungia kwenye kopo la plastiki kwa ajili ya saa 4. Mwalimu hajaniita tena, ingawa kusema kweli sijui kama ni dawa ya minyoo au ni chakula kilichomwamsha.

Kopo lilikuwa likirudi tupu kabisa, nikafurahi, hadi mdogo wake aliposema kwamba wanalila watu wanne. Sasa naloweka vikombe viwili badala ya kimoja. Dada wa Mtwara, zikiwa nyingi hivyo haziivi kwa moto wa jioni peke yake; je, nizilaze kwenye maji kwa muda mrefu zaidi, au nizichemshe mara mbili?

Mama Lishe, Mtwara Mjini

Ziloweke usiku kucha na mchana wake, ubadilishe maji mara mbili, na sufuria uifunike kwa mfuniko wenye uzito. Zisipoiva hapo, basi ni za mwaka juzi, na aliyekuuzia anajua.