Unyevu kwenye plagi na koili za mashine ya boti: spray, grisi ya silikoni au Vaseline?

Nahodha_Kilindoni
Habari zenu wakuu. Nina boti ya fiberi na mashine ya farasi 40, silinda mbili, navua upande wa Mafia. Tangu kusi lianze, kila alfajiri ni shida. Navuta kamba mpaka bega linauma, na ikiwaka inamisi, inapiga silinda moja. Jua likipanda inakaa sawa. Mara mbili imekataa kabisa. Jana nilifungua kifuniko kungali giza, nikaona cheche za buluu zinatambaa juu ya waya wa plagi. Nimeshauriwa mambo matatu: spray ya kufukuza maji, grisi ya silikoni, au Vaseline kwa kuwa inapatikana kila duka. Nabeba vijana wanne, sitaki inizimikie kwenye mawimbi. Aliyejaribu anisaidie.

FundiMashine_Tanga
Pole nahodha. Hizo cheche ndizo jibu. Moto wa plagi ni maelfu ya volti na unatafuta njia rahisi ya kufika kwenye bodi, yaani chuma cha mashine. Waya ukiwa na chumvi mbichi, moto unapita juu yake badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Na chumvi ni mbaya kuliko maji yenyewe, maana maji yanakauka yeye anabaki, usiku anavuta tena unyevu wa hewa. Ndiyo maana jua likipanda unapona.

Kwa hiyo kabla ya kupaka chochote, futa waya, koili na kofia za plagi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, uache vikauke kabisa. Ukipaka juu ya chumvi umeifungia ndani.

Spray inafukuza maji upesi na inakinga chuma, ila utando wake ni mwembamba, itabidi urudie mara kwa mara. Inashika moto pia, subiri harufu iishe ndipo uvute kamba. Mimi nachagua grisi ya silikoni. Inastahimili joto na haili mpira. Paka kidogo ndani ya mdomo wa kofia ya plagi. Usijaze pale chuma kinapokutana na chuma, kwa sababu haipitishi umeme.

Mwana_wa_Lamu
Naunga mkono fundi. Vaseline nilitumia misimu miwili. Mashine ikipata moto inayeyuka na kutiririka, na mpira wa kofia ukavimba ukalegea, maji yakapata pa kuingilia. Sasa naiweka kwenye vichwa vya betri tu, huko inafanya kazi vizuri.

Bi_Nungwi
Assalaam alaykum. Msisahau kwamba grisi haifufui waya uliokufa. Mume wangu alipaka kila kitu na mashine bado ikamisi. Tulipokata ncha ya waya wa plagi, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, urefu wa kidole kizima. Badilisha waya na kofia kwanza. Kwenye maungio mengine tumieni waya wa shaba iliyopakwa bati na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Ile tepu nyeusi ya umeme inakaa na maji chini yake kama sponji.

FundiMashine_Tanga
Bi Nungwi umesema kweli. Nahodha, jambo jingine: silinda moja ikimisi, tazama waya, kofia na plagi. Lakini umesema mara mbili ilikataa kabisa, na hapo namshuku swichi ya kuzimia, ile yenye kamba ya mkononi. Kwenye mashine hizi swichi inazima kwa kupeleka kwenye bodi umeme wa CDI, kile kifaa kinachotoa moto wa plagi. Ikiingia maji ya chumvi ni kama mtu ameibonyeza. Chomoa waya wake, upime moto wa plagi mbali na petroli. Moto ukirudi, swichi ndiyo mbovu. Mashine ikiwaka hivyo, utaizima kwa choki. Usiende baharini waya ukiwa umechomolewa.

Nahodha_Kilindoni
Ahsanteni sana. Jana mchana nilifuta vyote. Kofia ya plagi ya chini ina ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake mstari mweusi wa kuungua. Nimeweka mpya na grisi, leo alfajiri imewaka mvuto wa pili na silinda zote zinapiga. Swichi naifungua jioni.

FundiMashine_Tanga
Ukiifungua piga picha ya ndani uiweke hapa, tuone kama inasafishika au ununue nyingine.