"Tare" ya kontena na "tares" za Biblia: ni neno moja?

mfasiri_ghala: Wakuu, natafsiri mwongozo wa makarani wa ghala. Mlango wa kontena umeandikwa TARE 2,230 KG, mizani ina kitufe cha TARE, halafu Biblia ya King James, Mathayo 13:25, ina "tares" zilizopandwa kwenye ngano. Nitumie neno gani?

Msomakamusi: Ni maneno tofauti, yamefanana sura tu. Ya mizani ilitoka Kiarabu, mzizi t-r-h, kutupa au kuondoa, ikapita Kiitaliano "tara" na Kifaransa hadi Kiingereza. Ya Mathayo ni mmea. Kigiriki kinasema "zizania", na wengi huutambua kuwa Lolium temulentum, gugu linalofanana mno na ngano mpaka masuke yatoke. Ndiyo maana mwenye shamba alikataza lising'olewe mapema. Hapo "magugu" yanatosha. Ukikuta "tare" kwenye 2 Wafalme 2:24, hiyo ni ya tatu: kitenzi cha zamani, "-rarua".

Sasa raha yenyewe: Kiswahili tunalo turuhani, punguzo la uzito wa chombo au kifungashio, na mzizi wake ni huohuo wa Kiarabu. Neno zuri, lisiachwe life.

karani_bandarini: Turuhani naiunga mkono kwa magunia na makasha. Kwa kontena andika "uzito mtupu (TARE)", maana karani lazima alitambue neno lililo mlangoni. Hesabu: MAX GROSS (uzito wa juu wa kontena pamoja na mzigo) kilo 30,480 toa TARE 2,230, unabaki na 28,250, mzigo wa juu kabisa. Tangu Julai 1, 2016 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinadai uzito uliothibitishwa kabla ya kontena kupakiwa melini. Usipolipima zima, unapima bidhaa, paleti na mbao za kukazia, kisha unajumlisha TARE ya mlangoni. Wengi husahau mbao.

mfasiri_ghala: Asanteni sana. Na kitufe?

Msomakamusi: "Ondoa uzito wa chombo". Usiandike "sifuri", kwa sababu mizani nyingi zina ZERO peke yake, ya kusawazisha sahani ikiwa tupu. Eleza pia kwamba dishi la gramu 350 likiondolewa baada ya TARE, kioo kitaonyesha -350. Mizani haijaharibika.

karani_bandarini: Ongeza la malori: yakipimwa yamejaa kisha matupu, dizeli isiongezwe katikati. Lita 300 ni takriban kilo 250, na zote zitapunguzwa kwenye mzigo wa mteja.