Tupeane uzoefu: Mwanamke na mwanaume wakinywa sawa, nani huanza kupepesuka?

Habari za muda huu wakuu. Nimechoka kusikia mwanamke akiitwa "kichwa chepesi" kisa amepepesuka kabla ya wanaume aliokaa nao meza moja.

Mimi na mume wangu tuna uzito mmoja, kilo 60. Tukinywa chupa mbili mbili, yeye anamfunga mtoto vifungo vya shati bila shida. Mimi kifungo kinapita pembeni ya tundu, narudia, kinapita tena. Maongezi yangu yamenyooka, sijachangamka kupita kiasi. Ni vidole tu havinitii.

Sababu kubwa ni maji. Pombe husambaa kwenye maji ya mwili, kwenye mafuta haiingii sana. Mwili wa mwanaume ni maji kama asilimia 60, wetu ni 50 hadi 55. Mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, aliiweka kwenye hesabu tangu miaka ya 1930: zidisha uzito wako kwa 0.68 kama ni mwanaume, 0.55 kama ni mwanamke, kisha gramu za pombe zigawe kwa jibu hilo, halafu gawa tena kwa 10. Chupa mbili za mililita 330 zenye pombe asilimia 5 zina gramu 26 hivi. Kabla mwili haujaanza kuiondoa, mume wangu anafika karibu gramu 0.06 kwa kila mililita 100 za damu. Mimi nafika 0.08, na kuna nchi nyingi tu ambazo hapo huruhusiwi kushika usukani, nyingine hata chini ya hapo. Chupa ni zilezile, uzito ni uleule!

Leteni yenu, hasa ya mikono na miguu.

*

Dada umenigusa. Mimi ni fundi cherehani. Glasi moja ya mvinyo, natembea vizuri kabisa, ila kutunga uzi kwenye sindano naweza kukesha. Mume wangu anatungia yeye, naye kanywa glasi hiyohiyo. Kazi ndogondogo za vidole ndizo zinaumbua mapema.

*

Kwangu ni kinyume. Mimi mwanaume, kilo 52, mke wangu kilo 80. Kwenye ngazi yeye ndiye hunishika mkono.

*

Mkuu, hata hesabu inakukubali. 52 mara 0.68 ni 35, 80 mara 0.55 ni 44. Pombe yake ina nafasi kubwa zaidi ya kusambaa. Ndiyo maana jinsia peke yake haitoshi kumjua nani atayumba.

*

Nafundisha udereva, naomba niseme la kwangu kwa uchungu. Kinachonitisha ni ile "imeshashuka, niko poa". Pombe ikiwa inapanda kwenye damu mtu anajihisi amelewa. Ikianza kushuka anajiona mzima, huku mguu bado unachelewa kwenye breki. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaopanga mizani na mwendo, haujarudi kazini. Kwa wastani mwili huondoa kama 0.015 kwa saa. Aliyefika 0.08 anahitaji zaidi ya saa 5 kumaliza, awe mke au mume. Kahawa itamwamsha, haitaondoa pombe. Nimeshawanyang'anya ndugu zangu wa damu funguo, wakaninunia, na nitawanyang'anya tena.

*

Swali kwa mleta mada: tukila kwanza, si tofauti inaisha?

*

Haiishi ndugu yangu. Chakula kinachelewesha pombe kutoka tumboni kwenda utumbo mwembamba, ambako hunyonywa haraka, kwa hiyo kilele kinashuka kwa wote wawili. Maji ya mwili yanabaki yaleyale. Mimi nikishiba navipata vifungo vya juu, vya chini bado nampa baba yake.