Mbuyu katikati ya kiwanja: mwenyewe aukate, au mji uupishe?

Wana Bagamoyo, nina jambo. Jirani yangu kanunua kiwanja cha 20 kwa 20 upande wa Kaole, na ndani kuna mbuyu. Watu wazima sita tukishikana mikono hatuuzungushi. Dalali alimwambia "huo utautoa tu". Sasa kaita katapila, na mtaa umegawanyika.

Kabla hamjanirukia: namwelewa. Mita za mraba 400 alizozidunduliza, ukiuachia mbuyu na mizizi yake inayotambaa, msingi ataweka wapi? Wanaomlaumu wengi wao wameshajenga. Nenda kwao ukaone: miashoki ya viriba imepangwa ukutani, mti wa India usio na kivuli hata cha kuku.

Ila tujiulize mibuyu imeponaje mpaka leo. Mivule imekuwa milango na vitanda, mikwaju imechomwa mkaa. Mbuyu haupasuliwi mbao na kuni zake hazifai, ni nyuzinyuzi zilizojaa maji. Juu ya hapo wazee wakasema una wenyewe. Mtu na shoka lake aliogopa. Katapila halijui jini. Ule wa misheni, wenye mnyororo uliomezwa na shina, na ile ya magofu ya Kaole ina walinzi na wageni wa kuipiga picha. Wa mtaani una nani?

Kwangu mimi kosa halikuanzia kwa jirani, lilianzia kwenye upimaji. Shamba linapokatwa viwanja, ramani inaonyesha barabara, shule, msikiti, lakini mbuyu uliotangulia vyote hivyo haumo. Ungechorwa, pale pangebaki eneo la wazi, na hasara ingegawanywa kwenye bei ya viwanja vyote vinavyouzunguka. Leo tunamdai mtu mmoja alipie kivuli cha mtaa mzima.

Kuna anayesema tupande mingine. Tupande, sikatai. Lakini mche wa leo kufikia unene ule ni kazi ya karne, na popo wanaochavusha maua yake usiku hawatatusubiri.

Basi huyu aliyekwisha lipa tumfanyeje? Mimi naona mtaa uchange, abadilishiwe kiwanja, pale pabaki baraza yetu. Katapila linakuja Jumamosi. Nimeanza na elfu hamsini. Wewe unayesema asikate, taja na yako. Na unayesema akate, nieleze Kaole bila mibuyu utamwelekezaje mgeni nyumbani kwako.