Waliowahi kunyooshwa mgongo hapa Dar, tupeane uzoefu

Mama Sindano
Wadau habari za jioni. Nashona Kariakoo, mwaka wa 11 huu nimeinamia cherehani. Kiuno kiliniuma nikakizoea, ila tangu Ramadhani mguu wa kushoto unaingia ganzi, na ndala inanivuka njiani bila habari, hadi watoto wa dukani wananiokotea.

Shoga yangu akanipeleka kwa mtaalamu wa kairopraktiki, wale wanaonyoosha mgongo kwa mikono. Nikalazwa ubavu, goti likakunjwa, akanisukuma: ta! ta! Mgongo ukaalika kama vidole. Wallahi nilitoka mwepesi, nikapanda daladala nikasimama hadi Buguruni. Siku ya tatu maumivu yakarudi. Naye ananitaka nilipie mara 24 kwa mkupuo, eti pingili zikikaa sawa mishipa ya fahamu itafunguka na presha itashuka. Hapo kwenye presha ndipo nilipopata wasiwasi. Nani amepitia?

Boda wa Kijichi
Mimi nilichuliwa na mzee mmoja mtaani. Akanikanyaga kwa kisigino. Wiki nzima sikupanda pikipiki. Sina la zaidi.

Fizio wa Zamu
Dada, huo mlio si mfupa kurudi mahali pake. Ni hewa iliyomo kwenye ute wa kiungo, ndiyo ile ile ya kualisha vidole. Wepesi ulioupata ni wa kweli, maana misuli hulegea, lakini hakuna pingili iliyohama.

Kuhusu presha: fani hii ilianzia Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895. D.D. Palmer alimbonyeza mgongo mfanya usafi, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, akadai amemponya masikio. Sasa mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka sikioni na kuingia ubongoni, mgongoni haufiki. Madai makubwa yalianza siku ile ile! Kwa maumivu ya kiuno ya kawaida kunyooshwa kunaweza kusaidia, karibu sawa na mazoezi. Kwa presha, pumu au kikojozi, ushahidi wa maana hakuna.

Kaka Semi
Tusiwaponde wote. Naendesha lori Dar–Tunduma, shingo ilikuwa haigeuki, kioo cha pembeni nakitazama kwa kuzungusha mwili mzima. Niliyempata mimi hakunigusa kwanza. Alinigonga magoti kwa kinyundo, akanichoma kidogo kwa pini vidoleni, akauliza kama nimewahi kuanguka, kama napata kizunguzungu. Nikamwambia kipo. Akakataa kuizungusha shingo, akanifundisha mazoezi, akanituma hospitali. Hela ya siku ile hakuchukua.

Fizio wa Zamu
Huyo anajua kazi, kaka. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, mshipa wa damu unaopanda ubongoni unaweza kuchanika, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, ila hutokea.

Binti wa Mbagala
Naandika kwa ajili ya mama. Mgongo ulimuuma katikati, sisi tukajua ni ndoo za maji. Tukamkandisha miezi mitatu, mafuta ya nyonyo, maji ya moto, kila aliyesifiwa tulimfuata. Usiku alikuwa analowa jasho, khanga nazikamua asubuhi. Gauni la Idi likawa linamning'inia, shangazi akasema ni uzee. Eksirei ikaonyesha pingili mbili zimeliwa. Kifua kikuu cha mgongo. Dawa tulipewa bure, akameza mwaka mzima, na leo anatembea, ila ameinama kidogo na hataki kupigwa picha kwa ubavu. Kila nikikumbuka yule wa mwisho aliyembinya pale pale palipooza, mwili unanisisimka.

Boda wa Kijichi
Duh. Pole sana.

Fizio wa Zamu
Mama Sindano, nimeirudia habari yako ya ndala. Mgongo una pingili 33, lakini uti wenyewe, yaani ule uzi wa fahamu unaopita ndani yake, unaishia karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Chini ya hapo mishipa ya fahamu inaning'inia kama mkia wa farasi, na diski, ule mto laini kati ya pingili, ikitokeza inaweza kuibana. Ganzi peke yake ni jambo moja. Mguu kukosa nguvu ni jambo jingine. Vua viatu, tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Na unijibu bila aibu: mkojo unautoa vizuri? Ukijitawaza, unahisi mkono wako kama kawaida?

Mama Sindano
Haja zote sawa, alhamdulillahi, na nahisi.

Nimetembea hapa hapa kati ya majora, mteja ananishangaa. Wa kulia unanyanyuka. Wa kushoto vidole vinaburuza sakafuni.

Fizio wa Zamu
Usinyooshwe tena na mtu yeyote. Nenda hospitali kesho asubuhi, uwaambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Usiku huu mkojo ukikataa, au sehemu za siri zikiingia ganzi, usingoje kuche.

Mama Sindano
Nimeshaifunika cherehani. Kaka yangu ananifuata kesho saa 12 asubuhi na bajaji. Zile mara 24, mwenzenu nilikuwa nimeshalipia nusu.