Naomba ushauri: straika wetu anakula mshahara wa bure, tunaachana naye vipi?

Wakuu habari za jioni, niko Tanga, Ngamiani, mjumbe wa kamati ya timu moja hapa (jina naliacha). Tulimleta straika wa nje, mkataba miaka miwili na ndo anayelipwa kuliko wote, mpaka leo ana goli moja tu, tena la penalti. Jumamosi pale Mkwakwani kapewa pasi ya kumlisha kabisa, goli wazi, kapaisha mpira nje huko kwa wauza mihogo, jukwaa zima likaguna.

Mwenyekiti anataka apewe barua kesho asubuhi. Mi naogopa bwana, maana kwa kanuni za FIFA kiwango kibovu sio sababu halali ya kuvunja mkataba, akishtaki tunadaiwa mishahara iliyobaki na tusipolipa tunafungiwa kusajili. Kumkalia mshahara miezi miwili ndo kabisa, akituandikia barua ya kudai, siku 15 zikapita hatujalipa, anaondoka na fidia anadai.

Sasa waliowahi kukaa kwenye kamati, tuvunje kwa makubaliano tumpe mishahara mingapi hivi? Au tumtoe kwa mkopo huku tunachangia nusu? Wakala wake simu hapokei na dirisha dogo la usajili ndo hilo linakuja.